Barua ya Mama ya Macho Isilale Sandukuni

Kila mkulima wa skimu ya Ahero aijua habari ya maji. Maji hutolewa katika mto Nyando kwa mapampu, huingia katika mfereji mkubwa, kisha katika mifereji midogo, mpaka yafike katika ploti za mpunga. Lakini yajulikana pia kwamba maji yaliyopandishwa si lazima yafike kote. Mfereji ukizibwa na majani, au mwenye ploti ya juu akifungua maji usiku bila ruhusa, ploti ya mwisho hukauka ingawa pampu inafanya kazi sawasawa. Mkulima mwenye busara haulaumu mto wala pampu. Hushika jembe, akaufuata mfereji hatua kwa hatua, mpaka apaone mahali maji yanapopotea.

Mwezi huu twataka uufuate mfereji wa namna nyingine. Ni njia anayoipita mgonjwa wa macho, kutoka nyumbani kwake mpaka meza ya upasuaji. Katika njia hiyo pia wako watu wa ploti ya mwisho. Huanza safari pamoja na wengine lakini hawafiki, na walio wengi kati yao ni wanawake. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba sehemu kubwa ya mfereji huu haiko hospitali. Imo katika boma lako mwenyewe, na wewe waweza kuisafisha.

HESABU INAVYOSEMA

Mwaka 2001 wataalamu walikusanya hesabu za vipofu zilizofanywa katika nchi nyingi za dunia, Afrika ikiwamo. Waliona kwamba katika kila vipofu watatu, karibu wawili ni wanawake. Mwaka 2021 tume ya wataalamu wa macho wa dunia ilitoa taarifa yake katika jarida la Lancet Global Health, ikasema kwamba katika kila watu 100 wenye upungufu wa kuona, 55 ni wanawake na wasichana.

Labda utasema, "Hiyo ni kwa sababu wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume, na macho huharibika uzeeni." Ni kweli kwa sehemu, lakini si yote. Hata wakilinganishwa watu wa umri mmoja, wanawake bado huzidi.

Sababu moja kubwa ilielezwa mwaka 2002 na Daktari Susan Lewallen na Daktari Paul Courtright, ambao ndio walioanzisha kituo cha afya ya macho ya jamii huko Moshi, Tanzania. Walilinganisha hesabu za upasuaji wa mtoto wa jicho katika nchi zinazoendelea. Waliona kwamba, kati ya watu wanaohitaji kupasuliwa, wanaume hupata huduma hiyo mara 1.2 mpaka 1.7 kuliko wanawake. Tuseme mahali fulani wanawake 30 katika kila 100 wanaohitaji wamepasuliwa. Basi wanaume waliopasuliwa mahali hapo ni 36 mpaka 51 katika kila 100. Madaktari hao walipiga hesabu nyingine pia. Kama wanawake wangepasuliwa kwa kadiri ile ile ya wanaume, watu waliopofuka kwa mtoto wa jicho wangepungua kwa asilimia 12.5, yaani mmoja katika kila wanane.

Fikiri maana yake. Haitakiwi dawa mpya, wala mashine ambayo bado haijabuniwa. Yatakiwa mama apite njia ile ile ambayo baba huipita.

MTOTO WA JICHO NI NINI

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna kitu kidogo kinachoitwa lenzi. Kazi yake ni kukusanya mwangaza, na kwa kawaida ni safi kama kioo. Mtu akizeeka lenzi huingia ukungu, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka. Mwanzoni mgonjwa huona kama kuna moshi mbele yake. Jua kali na taa za magari humsumbua. Baadaye hazitambui nyuso za watu, na mwishoni huona mwangaza na giza tu. Ugonjwa wa kisukari, au kuumia jichoni, huweza kuuleta mapema.

Mtoto wa jicho hauumi. Hauondoki kwa dawa ya matone, wala kwa majani, wala kwa maziwa au asali. Vitu hivyo huweza kuliua jicho ambalo lingepona. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kupasuliwa.

Upasuaji wenyewe si jambo la kutisha. Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi, na mara nyingi kazi huisha kwa muda mfupi kuliko nusu saa. Mpasuaji hutoa lenzi yenye ukungu, akaweka nyingine ndogo iliyotengenezwa kiwandani. Mtu wa kwanza kufanya kazi hiyo alikuwa Daktari Harold Ridley, huko London, mwaka 1949. Wakati wa vita alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege viliingia katika macho ya marubani, na macho hayo hayakuvikataa. Akafikiri kwamba ikiwa plastiki hii inaweza kukaa ndani ya jicho kwa amani, yaweza kutengenezwa lenzi. Leo mamilioni ya watu huona kwa sababu ya fikira hiyo.

Hapa Kenya kazi hii hufanywa na madaktari wa macho, na pia na maafisa wa kliniki waliofundishwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake.

MAHALI AMBAPO MWANAMKE HUPOTEA NJIANI

Sasa tuufuate mfereji. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Bwana Fulani na Bi Fulani. Wote wawili wana miaka 66, na wote wawili wana mtoto wa jicho.

Hatua ya kwanza ni kugundua. Bwana Fulani huenda barazani, husoma karatasi za skimu, huendesha baiskeli mpaka soko la Ahero. Siku aangukapo na baiskeli yake, au atiapo sahihi mahali pasipofaa, jamaa wote husema, "Mzee haoni, lazima apelekwe." Bi Fulani kazi yake iko nyumbani. Jiko lake alijua kwa mikono. Aijua hesabu ya hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi. Anapika, anafagia, na watu hufikiri kwamba anaona. Akimwaga unga, huambiwa kwamba amezeeka. Hivyo mzee hugunduliwa mwaka wa kwanza, na mama hugunduliwa mwaka wa nne.

Hatua ya pili ni zahanati. Hapo hapana mpasuaji wa macho. Mhudumu humtazama mgonjwa, kisha humwandikia barua ya rufaa, yaani barua ya kumtuma hospitali kubwa. Watu wengi huidhani barua hii kuwa ndiyo matibabu. Siyo. Barua ya rufaa ni kama risiti ya mbegu. Risiti haioti mpaka uende ghalani uchukue mbegu yenyewe, uzitie ardhini.

Hatua ya tatu ni mashauri ya nyumbani, na hapa ndipo maji mengi hupotea. Bwana Fulani akipata barua, huiweka mezani na kusema, "Jumatatu naenda Kisumu." Fedha ziko mkononi mwake, na hana wa kumwomba ruhusa. Bi Fulani akipata barua, huikunja na kuiweka sandukuni, akangojea siku njema ya kusema. Siku hiyo haiji upesi. Leo karo ya shule inadaiwa. Kesho mpunga unataka kupaliliwa. Kesho kutwa ndege wameshambulia shamba, na nani atawafukuza? Na akienda, nani atapika? Mwaka unapita, barua iko pale pale.

Wataalamu waliofanya uchunguzi katika mkoa wa Kilimanjaro, wakautoa mwaka 2005, waliona jambo hili wazi. Mgonjwa mzee haamui peke yake kwenda kupasuliwa. Uamuzi hutokana na mashauri ya jamaa, na msaada wa jamaa ndio humfikisha hospitali. Lakini wazee huona haya kuomba, hasa wanawake, kwa kuogopa kuonekana mzigo kwa watoto wao. Basi mama akinyamaza, usidhani hahitaji. Huenda amenyamaza kwa sababu anakupenda.

Hatua ya nne ni safari. Mtu asiyeona hawezi kupanda matatu peke yake na kushuka Kisumu. Anahitaji wa kumshika mkono, na hiyo ni nauli ya watu wawili. Mzee husindikizwa na mkewe, na jambo hilo halina mjadala. Mama je, husindikizwa na nani? Mume husema ana kazi. Mwana yuko Nairobi. Mkaza mwana ana mtoto mchanga. Na mjane hana hata wa kumuuliza.

Ukihesabu, utaona kwamba mlango wa hospitali haumzuii mtu kwa kuwa ni mwanamke. Mume na mke wamepewa barua za namna moja. Lakini mmoja amefika, na mwingine angali kwenye ploti kavu.

FEDHA ZA MPUNGA NA MACHO YA MAMA

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa skimu kuliko wakulima wengine. Skimu ya Ahero ilipoanza kazi mwaka 1969, ploti za ekari nne ziligawiwa wapangaji, na aliyeandikwa katika daftari alikuwa kwa kawaida mwanamume, mwenye nyumba. Malipo ya mpunga humwendea aliyeandikwa. Hali ilikuwa hivyo pia Mwea, na mwaka 1973 kitabu kimoja kuhusu skimu ya Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, kilieleza matokeo yake katika nyumba za wakulima. Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi ya mpunga, lakini fedha ziliingia mkononi mwa mume, na mke alingojea apewe.

Hatusemi haya ili kugombanisha watu katika nyumba zao. Twasema ili mwenye ploti ajue kwamba yeye ndiye ashikaye mlango wa mfereji. Mama aliyepandikiza miche akiwa ameinama majini tangu asubuhi, akapalilia, akafukuza ndege, akavuna na kuanika, ana haki katika gunia lile. Ikiwa macho yake yameharibika, nauli na gharama ya macho ni moja ya gharama za kwanza za nyumba. Ihesabiwe pamoja na mbolea, maji na karo, wala isingojee masalio.

Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Haikusema kila mwanamume.

HASARA YA KUNGOJA

Mkulima hupenda hesabu, basi tufanye hesabu. Mama asiyeona hawezi kupandikiza kwa mstari wala kutambua magugu yanayofanana na mpunga. Hawezi kupepeta na kuchagua mawe. Huungua jikoni na huanguka mferejini, na mtu mzima akivunjika nyonga, gharama yake hupita mbali gharama ya jicho.

Lakini hasara kubwa huwa ya mtoto. Nyanya asiyeona, au dani kama tunavyomwita hapa Kano, hupewa mjukuu wa kumwongoza. Mara nyingi huyo ni msichana. Humshika fimbo kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda kwa jirani. Leo anachelewa shule, kesho haendi kabisa. Hivyo lenzi moja yenye ukungu hufunga macho ya watu wawili. Ukimpeleka dani kupasuliwa, umempeleka na mjukuu shule.

MAJIBU KWA WANAOSITA

"Mama amekuwa mzee mno, ya nini kumsumbua?" Uzee peke yake haumzuii mtu kupasuliwa mtoto wa jicho. Walio wengi wanaopasuliwa ni wazee. Akiona tena atajihudumia mwenyewe, nanyi mtapata nafasi ya kazi.

"Tuliambiwa tungojee mpaka uive." Hayo yalikuwa mashauri ya zamani. Siku hizi hapana haja ya kungojea upofu kamili. Mtu akishindwa kufanya kazi zake kwa sababu ya ukungu, wakati umefika. Tena mtoto wa jicho ulioachwa miaka mingi huwa mgumu zaidi kuutoa, na huweza kuleta maumivu na presha ndani ya jicho.

"Hana maumivu." Tumekwisha kusema kwamba mtoto wa jicho hauumi. Na kuna ugonjwa mwingine, glakoma, yaani presha ya jicho, ambao nao mara nyingi huja bila maumivu na kula jicho pole pole. Nuru iliyopotea kwa glakoma hairudi hata kwa upasuaji, ila iliyobaki huweza kuhifadhiwa. Wewe huwezi kuzitofautisha kwa kutazama tu. Hii ndiyo sababu ya kupima mapema.

"Yeye mwenyewe amekataa." Muulize tena, lakini muulize kwa namna nyingine. Usiseme, "Wataka kwenda?" Atajibu hapana kwa kuhofia gharama. Sema, "Mama, nimetenga nauli, na fulani atakupeleka Jumanne. Shauri lako ni nini?" Tena umtafute mama mwingine wa karibu aliyekwisha kupasuliwa, aje aketi naye na kumweleza. Neno la aliyepita njia lina nguvu kuliko maneno kumi ya daktari.

MAMBO YALIYOFAA KWINGINE

Huko Kwale, katika pwani yetu, na huko Kilimanjaro, vituo vya macho viliona kwamba kungojea wagonjwa waje wenyewe hakufai. Wakaanza kutuma watu vijijini, kuwapima wagonjwa karibu na kwao, kuwaeleza gharama waziwazi, na kuwachukua kwa gari mpaka hospitali na kuwarudisha. Habari ya kazi yao ilitolewa mwaka 2005, na ilionyesha kwamba watu waliopasuliwa waliongezeka sana. Gari likija kijijini, mama hahitaji kutafuta nauli wala msindikizaji.

Katika kaunti ya Trans Nzoia, Daktari Hillary Rono na wenzake walifanya jaribio katika shule 50. Watoto walipimwa macho. Katika nusu ya shule, walioonekana na kasoro walipewa barua ya rufaa kwa kawaida. Katika nusu nyingine walimu walitumia simu ya mkononi kupima, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu mara kwa mara. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Palipokuwa na barua tu, watoto 22 katika kila 100 walifika hospitali. Palipokuwa na simu na ukumbusho, walifika 54. Jaribio hilo lilihusu watoto, lakini funzo lake ni la wote: barua peke yake ni dhaifu, na mgonjwa huhitaji mtu wa kumkumbusha na kumfuatilia.

UFANYE NINI SASA

1. Pima macho ya watu wote wa boma lako, wanaume kwa wanawake. Mketishe mtu mahali penye mwangaza, simama mbali hatua sita, mfunike jicho moja, uonyeshe vidole na kumuuliza ni vingapi. Kisha jicho la pili. Asiyeweza kuhesabu kwa jicho lolote apelekwe zahanati. Usisahau kupima kila jicho peke yake, kwa kuwa mtu huweza kupoteza jicho moja bila yeye mwenyewe kujua.

2. Mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu Septemba 2023 Serikali imetoa wahudumu hao karibu 100,000 katika nchi nzima, nao hutembelea nyumba. Mwambie aje wakati mama yuko nyumbani, na aulize habari za mama kwa mama mwenyewe.

3. Barua ya rufaa ikitolewa, andika tarehe ya safari juu yake siku ile ile, na jina la msindikizaji. Barua isiyo na tarehe huenda sandukuni. Uliza pia ni siku gani kliniki ya macho hufunguliwa, ili usipoteze nauli.

4. Jua pa kwenda. Anzia hospitali ya Ahero. Huko Kisumu iko hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wengi bado huiita Russia. Upande wa kaskazini, katika kaunti ya Vihiga, iko hospitali ya macho ya Sabatia. Uliza pia kama kambi ya macho itakuja karibu nawe.

5. Tazama habari ya bima. Ile NHIF ya tangu mwaka 1966 imekwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kwa asiye na mshahara, mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mume, mke na watoto huandikwa pamoja. Lakini kumbuka jambo hili: mama yako mzazi hahesabiwi katika nyumba yako. Hana budi kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na mchango wake ulipwe. Wana wengi huligundua jambo hili wakiwa tayari mlangoni pa hospitali. Kabla ya safari, uliza hospitali bima italipa nini na wewe utalipa nini.

6. Chagua wakati, lakini usiufanye kuwa kisingizio. Baada ya upasuaji mama asiingie katika maji ya mpunga kwa muda wa mwezi mmoja hivi, asibebe mizigo mizito, asifikiche jicho, na asikae penye moshi na vumbi. Basi siku zifuatazo mavuno ni nzuri kwa safari. Lakini kama mavuno yako mbali, usingojee. Mpange wa kumsaidia kazi.

7. Wanawake wa chama, jambo hili liingie katika daftari lenu. Chama kinachoweza kununua sufuria kwa zamu kinaweza kutoa nauli ya watu wawili kwa zamu. Na mwenye macho mazuri katika chama awe msindikizaji wa asiye na mtu, hasa mjane.

8. Akirudi, matone ya dawa yatiwe kwa saa zilizoagizwa mpaka yaishe, na mikono ioshwe kwanza. Jicho likiuma sana, likiwa jekundu zaidi, au nuru ikipungua, rudi hospitali siku ile ile. Na ukiambiwa jicho la pili nalo lapaswa kupasuliwa, usiseme kwamba moja latosha.

NENO KWA WAZAZI WA WATOTO WADOGO

Mtoto mchanga pia huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Ukiona weupe katika mboni ya mtoto, au jicho linapinda, au mtoto hafuati uso wako kwa macho, usingojee hata wiki moja. Jicho la mtoto hujifunza kuona katika miaka ya kwanza. Likifungwa na ukungu wakati huo, baadaye hata upasuaji mzuri hautalifundisha tena. Na weupe huo waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo ikikawia huua. Ukawaida wa kumpeleka mvulana upesi na kumngojea msichana hauna faida. Jicho la msichana halingoji zaidi kwa sababu ni la msichana.

KAZI YA MWENYE BOMA

Mkulima mzuri hajisifu kwa pampu iliyo mtoni. Hujisifu maji yanapofika ploti ya mwisho. Vivyo hivyo tusijisifu kwamba hospitali iko Kisumu na barua zinaandikwa Ahero, ikiwa mama ameketi gizani maili chache tu kutoka hapo.

Basi ukimaliza kusoma, fanya jambo moja kabla ya usiku. Muulize mke wako, na mama yako, na mama mkwe, na jirani mjane, kama kuna barua ya hospitali iliyokunjwa mahali. Wengine watasema hapana. Lakini ukimkuta mmoja anayekwenda kuifungua sanduku pole pole, isome barua hiyo kwa sauti, tazama tarehe yake, kisha mpange siku ya safari pamoja naye.